Kabla ya Kuomba Polisi Shuleni: Mwongozo kwa Wazazi na Bodi

Kila mwaka mtihani wa KCSE unapoanza, wazazi huwaona polisi wenye bunduki wakisindikiza karatasi na kusimama langoni mwa shule. Mtihani ukiisha, wanaondoka. Baada ya hapo maswali yanayotufikia huwa ni yale yale: ikiwa serikali inaweza kulinda karatasi, mbona isiwalinde watoto mwaka mzima? Kwa nini isiwe lazima kila shule iwe na polisi wake?

Makala hii imeandikiwa mzazi atakayesimama kwenye mkutano kuuliza swali hilo, mwanachama wa Bodi ya Usimamizi atakayelazimika kulijibu, na mwalimu mkuu anayesukumwa kila upande "afanye kitu". Mengi humu yanahusu shule za bweni za Kenya, ila sehemu za mwisho zinazifaa pia shule za kutwa.

Jibu fupi

Polisi ana kazi yake shuleni, lakini hafai kila hatari. Fuateni mpangilio huu:

1. Tajeni hatari inayowakabili nyinyi, si ile mliyoiona kwenye runinga.
2. Rekebisheni yale ambayo shule yenyewe inaweza kurekebisha.
3. Yakibaki yale yanayohitaji polisi kweli, ombeni polisi.
4. Akija, mwekeeni mipaka kwa maandishi.

Shule nyingi huruka hatua mbili za kwanza na kutua kwenye ombi. Polisi anakuja, kila mtu anapumua, na kufuli ya bweni inabaki pale pale.

Hatua ya kwanza: taja hatari kwa jina lake

Chukueni daftari la matukio la shule, au mkikosa, waulizeni walimu wa zamu na matroni, kisha mwandike kila kisa cha miaka mitatu iliyopita. Kila kisa kiwekeni kwenye fungu lake:

- Moto bwenini. Kyanguli, Machakos, mwezi Machi 2001, wavulana 67 walikufa. Moi Girls, Nairobi, Septemba 2017, wasichana 10. Hillside Endarasha, Nyeri, Septemba 2024, wavulana 21. Kule Kyanguli mlango mmoja ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na vyuma. Askari aliye langoni hawezi kufika kwa wakati kwenye mlango wa namna hiyo.
- Ghasia za wanafunzi wenyewe. Mwaka 2016, zaidi ya shule 100 ziliteketezewa majengo, nyingi katika muhula wa pili. Julai 1991, wasichana 19 walikufa St. Kizito, Meru, baada ya wavulana wa shule hiyo hiyo kuvamia bweni lao. Kikulacho ki nguoni mwako: anayewasha moto mara nyingi amelala kitanda cha pili.
- Dhuluma za kingono. Mkosaji kwa kawaida anajulikana na ana ruhusa ya kupita lango: mwalimu, mfanyakazi, jamaa, mwanafunzi mwenzake. Hapa kazi ya polisi ni kuchunguza na kumfikisha mtu mahakamani, wala haihitaji akae shuleni.
- Pombe na dawa za kulevya. Muuzaji yuko kwenye kioski cha nje ya ua, au mwanafunzi analeta bidhaa kwenye begi siku ya kufungua shule.
- Barabara. Watoto wa kutwa wanavuka barabara kuu asubuhi bila tuta wala mtu wa kuwavusha.
- Wavamizi wenye silaha. Hatari hii ni kubwa katika maeneo machache yanayojulikana, nayo ndiyo inayohitaji dola moja kwa moja.

Mkimaliza kuorodhesha, hesabuni. Fungu lenye visa vingi, au lenye kisa kimoja kilichokaribia kuua, ndilo la kuanza nalo.

Hatua ya pili: kagueni bweni kabla ya kuandika barua

Wizara ya Elimu ilitoa mwongozo wa viwango vya usalama shuleni mwaka 2008. Shule inapaswa kuwa na nakala, na mzazi ana haki ya kuuliza iko wapi. Nendeni usiku, taa zikishazimwa, mkiwa na futi ya kupimia, na mkague haya:

- Mlango. Unafunguka kwa nje? Una upana wa angalau futi tano? Je, unafungwa kutoka nje wanafunzi wakiwa ndani? Hilo la mwisho limekatazwa kabisa.
- Idadi ya milango. Kila bweni liwe na mlango kila mwisho, pamoja na mlango wa dharura katikati ulioandikwa wazi.
- Madirisha. Yasiwe na nondo, na yafunguke kwa urahisi kuelekea nje.
- Nafasi. Angalau mita 1.2 kati ya kitanda na kitanda, na njia ya kupitia isiyopungua mita 2. Mkikuta masanduku yamepangwa njiani, hiyo si njia tena.
- Mitungi ya kuzimia moto. Iwe karibu na kila mlango wa kutokea, si ofisini kwa naibu wa mwalimu mkuu. Someni tarehe ya ukaguzi wa mwisho. Halafu mwambieni mwanafunzi yeyote aliye karibu awaonyeshe jinsi ya kuchomoa pini.
- Orodha ya majina. Nani analala kitanda kipi usiku huu? Endarasha ilituonyesha uchungu wa wazazi kusubiri siku nzima bila kujua mtoto wao ni miongoni mwa walionusurika au la.

Jaribio moja linaweza kuwafunza zaidi ya mkutano mzima. Mwambieni matroni afungue mlango wa dharura, nanyi mtazame saa. Ufunguo uko wapi? Mara nyingi uko kwenye kishada chenye funguo kumi na kitu, hakuna uliowekwa alama, na kishada chenyewe kinalala nyumbani kwa mtu upande wa pili wa uwanja. Anajaribu wa kwanza, wa pili, wa tano. Kufuli ina kutu. Muda anaoutumia pale mlangoni ndio muda ambao watoto wangekuwa nao.

Usiseme "tutarekebisha muhula ujao". Kung'oa nondo na kutoa kufuli ni kazi ya fundi mmoja wa kuchomelea kwa siku moja. Baada ya mkasa wa Endarasha serikali ilifunga mabweni ya shule 348, kwa hiyo msifikiri viwango hivi ni mapambo ya karatasi.

"Lakini tukitoa nondo, wezi wataingia"

Pingamizi hili ndilo linaloua mageuzi katika bodi nyingi, na lina uzito wake, hasa katika shule za wasichana. Jibu lake ni kuhamisha ulinzi kutoka dirishani kwenda kwenye ua. Imarisheni ukuta au seng'enge, wekeni taa zinazoangaza nje ya bweni, na mlinzi wa usiku azunguke kwa saa zinazobadilika. Mwizi azuiwe kabla ya kufika ukutani mwa bweni. Mtoto asizuiwe kutoka.

Mkiajiri kampuni ya ulinzi, ulizeni kama imesajiliwa na Mamlaka ya Kudhibiti Ulinzi wa Kibinafsi (PSRA), na kama walinzi wenyewe wamesajiliwa. Askari rungu mzee aliyelala kwenye kibanda kwa sababu analinda usiku na kulima mchana si ulinzi, hata kama ni mtu mwema.

"Lakini Marekani wana polisi shuleni"

Wanao, na wengine wamewalazimisha kisheria. Jimbo la Texas lilipitisha sheria mwaka 2023 inayotaka mlinzi mwenye silaha katika kila shule ya umma. Lakini someni kilichotangulia. Mei 2022, katika shule ya msingi mjini Uvalde, Texas, muuaji mmoja aliua watoto 19 na walimu wawili. Maafisa wa usalama waliofika walikuwa 376, na zilipita dakika 77 kabla hawajaingia darasani kumkabili. Mwaka 2018, shule ya upili ya Parkland, Florida, ilikuwa na afisa wake mwenye bunduki. Watu 17 waliuawa na yeye akabaki nje ya jengo.

Somo si kwamba polisi hafai kitu. Somo ni kwamba sare na bunduki bila mafunzo, bila mpango na bila amri inayoeleweka haviokoi mtu. Tena hatari kubwa ya kule ni mwanafunzi mwenye bunduki. Yetu mara nyingi zaidi ni kibiriti, petroli na mlango uliofungwa.

Ni lini polisi anahitajika kweli

Ombeni polisi bila kusita ikiwa:

- Shule iko katika eneo la mashambulizi. Chuo Kikuu cha Garissa kilivamiwa alfajiri ya tarehe 2 Aprili 2015, na watu 148 waliuawa kabla shambulio halijakomeshwa jioni. Katika wadi ya Basuba, Lamu, shule zilifungwa kwa miaka kwa sababu ya usalama. Katika maeneo ya wizi wa mifugo kama Baringo na bonde la Kerio, walimu wamehama na madarasa yamebaki tupu. Hapa ni lazima ulinzi wa dola uwepo, na ombi lipitie pia kamati ya usalama ya kaunti ndogo.
- Kuna tishio mahususi: barua, ujumbe wa simu, au kikundi kilichoahidi kuja.
- Kuna baa karibu na shule. Sheria ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo inakataza leseni ya kuuzia pombe ndani ya mita 300 kutoka shule. Hapo mnachotaka ni msako na leseni kufutwa. Askari wa kukaa langoni hatalimaliza hilo.
- Ni siku ya msongamano: kufungua na kufunga shule, michezo mikubwa, siku ya kutembelewa.

Mtaona kwamba katika hali nyingi hizi mnahitaji polisi anayefika haraka na anayewajua, si lazima awe amepiga kambi shuleni.

Namna ya kuomba

1. Bodi ijadili na kupitisha azimio. Liandikwe kwenye kumbukumbu za kikao, pamoja na hatari iliyotajwa na hatua ambazo shule imekwisha kuchukua.
2. Mwalimu mkuu aandike barua kwa mkuu wa kituo cha polisi (OCS), nakala kwa mkurugenzi wa elimu wa kaunti ndogo na kwa naibu kamishna wa kaunti.
3. Ombeni kitu kinachopimika: "doria mara mbili kwa usiku, saa zisizotabirika, kuanzia mwanzo wa muhula wa pili." Sentensi "tunaomba usalama uimarishwe" haimfungi mtu yeyote.
4. Ombeni jina na cheo cha afisa mmoja wa kuwasiliana naye, pamoja na wa pili asipopatikana.
5. Fanyeni zoezi la dharura pamoja naye. Ajue bweni liko wapi, maji yako wapi, na gari la zimamoto litapita lango lipi.

Onyo kuhusu pesa: msimlipe afisa mkononi, na msiite malipo hayo "mafuta" wala "chai". Kama kuna ada halali ya kukodi ulinzi, ilipwe rasmi na itolewe risiti. Mchango wa wazazi usiokuwa na risiti utazua kesi nyingine.

Akija: mambo ya kuandika kwenye mapatano

Ukurasa mmoja unatosha, ukisainiwa na bodi na mkuu wa kituo. Uwe na haya:

- Kazi yake. Uhalifu na vitisho kutoka nje. Nidhamu ya kawaida ni ya walimu: kuchelewa, kelele, sare chafu, simu iliyofichwa chini ya godoro.
- Bunduki. Haingii darasani, bwenini wala kwenye ukumbi wa chakula, isipokuwa kuna hatari ya maisha.
- Upekuzi. Ufanyike mbele ya mwalimu, na msichana apekuliwe na mwanamke. Msako wa bweni zima uwe na sababu iliyoandikwa.
- Kipigo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekataza adhabu ya viboko. Marufuku hiyo haiondoki kwa sababu fimbo imeshikwa na mtu mwenye sare.
- Kuhoji mwanafunzi. Mzazi aitwe kwanza.
- Mahusiano. Afisa haombi wala hapewi namba ya simu ya mwanafunzi, na haketi faraghani na mtoto yeyote.
- Malalamiko. Yapelekwe kwa nani, na yajibiwe ndani ya siku ngapi. Wanafunzi wajue kwamba mamlaka huru ya kusimamia polisi (IPOA) ipo.
- Mwisho. Mapatano yaangaliwe upya kila muhula. Hatari ikiisha, afisa arudi kituoni.

Kipengele cha kwanza ndicho kinachovunjwa mapema. Mwalimu aliyechoka akishaona askari langoni, inakuwa rahisi kumwita "amtishe kidogo" kijana mtukutu. Wiki mbili baadaye kijana huyo yuko kituoni kwa kosa ambalo mwaka jana lingeisha kwa kufyeka nyasi.

Mwanangu akikamatwa shuleni nifanye nini?

Wazazi wengi huuliza hili wakiwa tayari njiani kwenda kituoni. Likate hili uliweke:

1. Uliza mtoto yuko kituo gani, na kisa kimeandikwa kwa namba gani katika kitabu cha matukio (OB).
2. Taja umri wake mara moja, ubebe cheti cha kuzaliwa. Kwa Sheria ya Watoto ya mwaka 2022, mtoto aliye chini ya miaka 12 hawezi kushtakiwa kwa jinai.
3. Sisitiza asihojiwe bila wewe, mlezi au wakili. Mfundishe mtoto sentensi moja leo, kabla ya shida: "Naomba mzazi wangu aitwe kwanza." Aiseme kwa adabu, kisha anyamaze.
4. Hakikisha hawekwi seli moja na watu wazima. Katiba, kifungu cha 53, inasema mtoto azuiliwe kama njia ya mwisho tu, kwa muda mfupi iwezekanavyo, na mbali na watu wazima.
5. Omba afisa wa watoto aitwe. Kwa makosa madogo, uliza kuhusu kumaliza jambo nje ya mahakama. Sheria hiyo hiyo imeliwekea utaratibu.
6. Usisaini wala usimruhusu mtoto asaini maelezo ambayo hamjayasoma.
7. Mtoto akiwa ameumizwa, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo na uombe fomu ya P3.

Namba ya msaada kwa watoto ni 116, na haitozi pesa. Dharura ya polisi ni 999 au 112.

Na kama mtoto wako ndiye aliyewasha moto kweli? Bado ana haki hizo zote. Kumtetea ili ahojiwe kihalali hakumaanishi kuficha kosa, na usikubali kupoteza ushahidi kwa ajili yake. Kuna familia nyingine inayosubiri ukweli.

Makosa yanayojirudia

- Kusubiri mkasa. Ombi lililoandikwa wiki ya mazishi huandikwa kwa hasira, na hudai kila kitu bila kupima chochote.
- Kupuuza dalili. Wanafunzi wanaokataa chakula, mashuka yanayorudishwa nyumbani ghafla, maandishi ukutani, masanduku yanayohamishwa bwenini, minong'ono inayokatika mwalimu akipita. Matroni na wapishi huziona kabla ya bodi. Wapeni mtu wa kumwambia.
- Kuwafungia ili wasitoroke. Utoro ni tatizo la nidhamu. Mlango uliofungwa kwa nje ni tatizo la uhai.
- Kutowauliza wanafunzi. Wekeni sanduku la maoni lisilo na kamera juu yake, na ufunguo usikae kwa mwalimu mkuu. Wakiandika mara tatu kwamba fulani anawasumbua na asichukuliwe hatua, hawataandika mara ya nne.
- Kumfanya polisi mshauri nasaha. Mtoto aliyefiwa au anayevuta bangi anahitaji mtu wa kuzungumza naye asiyekuwa na pingu kiunoni.

Maswali ya mwisho mnayouliza

*"Si bora tuwe na polisi na hayo mengine pia?"* Mkiweza yote, sawa. Lakini pesa, muda na umakini wa bodi havitoshi kila kitu. Anzeni na kile kinachoua haraka zaidi.

*"Serikali ikilazimisha kila shule iwe na polisi, tutakataa?"* Hapana. Mtaomba mapatano yale yale. Amri ikitoka juu, bado mipaka ya kazi ya afisa katika ua wenu inahitaji kuandikwa.

*"Shule yetu ni ya kutwa, haya yanatuhusu?"* Ya bweni hayawahusu, yaliyobaki yote yanawahusu. Kwenu hatari kubwa huenda ikawa barabara. Ombeni tuta, alama ya pundamilia na askari wa trafiki asubuhi na jioni, na mtakuwa mmeomba polisi mahali panapofaa.

*"Mwalimu mkuu anakataa tusikague bweni."* Ombeni kwa maandishi kupitia chama cha wazazi. Akikataa tena, pelekeni nakala kwa ofisi ya udhibiti wa ubora wa elimu ya kaunti ndogo. Mwalimu mkuu asiye na cha kuficha hufungua mlango.

Kwa mkutano ujao

Wekeni mambo matatu kwenye ajenda, kila moja na jina la mtu na tarehe:

1. Nani atakagua mabweni usiku, na ripoti itasomwa lini.
2. Nani ataleta fundi wa kutoa nondo na kufuli, na malipo yatoke fungu gani.
3. Nani ataonana na mkuu wa kituo, akiwa na orodha ya hatari zenu mkononi.

La tatu lisifanyike kabla ya mawili ya kwanza. Mkuu wa kituo akiuliza, "Na nyinyi mmefanya nini?", mwakilishi wenu awe na jibu la kumsomea.